Mkuu, usigawe hata senti kabla hujayajua madeni ya marehemu

Usiwape! Umeandika kwamba mahakama imekuteua kusimamia mirathi ya baba, wadogo zako wanataka pesa za benki zigawanywe wiki hii, na unauliza umpateje wakili mzuri na ada zao zikoje. Mimi nimekwama hapo pa kugawa.

Niligawa mimi. Mama alipofariki nikapata barua ya usimamizi, ile ya mahakama ya kuniteua msimamizi, pesa zikaingia akaunti ya mirathi, na siku ya tisa nilikuwa nimemaliza. Tulikuwa wanne, tukagawana sawasawa, kila mtu akasaini. Mwezi wa saba baada ya kugawa ikaja barua ya mkopeshaji. Mama alikopa kuongeza mtaji wa duka, hakumwambia yeyote kati yetu, na malipo ya mkopo wenyewe hayakuwa yamefika hata nusu. Nikawapigia ndugu zangu. Mmoja alishapaua nyumba, mwingine alishalipa karo. Wa mwisho akaniambia, "Kaka, msimamizi ni wewe," na alisema kweli. Zile saini zilithibitisha tu kwamba pesa zilitoka mkononi mwangu. Mali ya marehemu hulipa kwanza mazishi, gharama za usimamizi na madeni, ndipo warithi wapate kilichobaki. Msimamizi akiruka hapo, mdai anaweza kumfuata yeye binafsi. Fungu langu likaisha lote, nikaingia kwenye akiba yangu, na mpaka leo mimi na mdogo wangu hatuongei kama zamani.

Wakili ndiye anayeniuma zaidi. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, nianze kugawa? Akajibu, "Barua unayo, gawa tufunge faili." Hakuuliza kama mama alikuwa na biashara. Tangazo kwa wadai, la kuwaita waliomdai mama wajitokeze, hakulitaja kabisa. Ada yake aliichukua yote siku hiyohiyo, na barua ya mkopeshaji ilipokuja akaniambia kazi yake ilishakwisha. Mtu amesomea kazi hiyo, anakuacha utembee gizani!

Kwa hiyo toa tangazo kwa wadai, usubiri muda wote unaotakiwa na sheria ya kwenu. Pitia taarifa za benki za baba za mwaka mzima: kiasi kilekile kikikatwa kila mwezi, uliza kinakwenda wapi. Uliza kama alidaiwa kodi ya serikali. Uliza rafiki zake kama aliwahi kumdhamini mtu, maana deni la udhamini halionekani kwenye akaunti yake mpaka mkopaji ashindwe kulipa. Ndugu wakikubana, wawekee mezani orodha ya mali na madeni. Mahakama nayo itakudai hesabu hiyohiyo. Wakikasirika, wakasirike sasa, pesa zikiwa bado zipo.

Baba alikuwa na biashara au mkopo wowote unaoujua? Nijibu kabla hujaenda benki.