MPT: Asubuhi moja Albany iliyonigharimu miezi saba

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa uwakili wa New York, mjini Albany, nilipata 259. Kufaulu ni 266. Mama akanipigia kutoka Tanga: "Saba kati ya mia nne, ndiyo wanakunyima?" Nikamwambia ndiyo mama, wananyima.

Nilijua fika alama hizo zilikopotelea. Si kwenye yale maswali 200 ya kuchagua jibu, wala kwenye insha sita za mchana. Zilipotea asubuhi ya siku ya kwanza, kwenye MPT, ile sehemu ya vitendo ambayo kila mtu aliniambia "hiyo haisomewi".

Nawaandikia hasa wadogo zangu mliosoma sheria Tanzania au Kenya, mkaja kuchukua shahada ya uzamili huku, na sasa mnajiandaa kwa mtihani. Jina lake kamili ni Multistate Performance Test. Unapewa kazi mbili, dakika 90 kila moja, na kila kazi ina mafungu mawili ya karatasi. Fungu la kwanza ni Faili: memo ya bosi wako wa kubuni, mahojiano na mteja, barua, mkataba, pengine ripoti ya polisi. La pili ni Maktaba: vifungu vya sheria na hukumu. Jimbo lenyewe halipo duniani, linaitwa Franklin. Sheria yote unayoihitaji imo humo. Hata ukikutana na hukumu unayoijua jina, isome upya, maana wanaweza kuwa wameibadilisha.

Basi watu wakisikia sheria unapewa, wanaipuuza. Piga hesabu kwanza. MPT ni asilimia 20 ya alama zote, insha sita ni asilimia 30. Kazi moja ya MPT ina uzito wa insha mbili. Mimi insha nilizikesha miezi miwili. MPT nilijaribu mara moja, jioni, bila saa, huku nakunywa chai.

Sasa ngoja nikuambie kilichonitokea ukumbini. Kazi ya kwanza ilikuwa tamu, hoja za kuishawishi mahakama. Nimefanya kesi za madai Dar miaka minne, hapo ndipo nyumbani. Nikasoma kila hukumu kwa utulivu, nikapiga mistari, nikaandika aya tatu za kueleza mgogoro ulivyoanza. Tatizo ni kwamba zile kazi mbili wanakupa kwa pamoja, ndani ya kipindi kimoja cha saa tatu, na hakuna anayekugongea kengele dakika ya 90 ikifika. Nilipoinua macho, dakika 118 zimekwenda. Kazi ya pili, barua kwa mteja, iliishia katikati ya sentensi.

Na zile aya tatu? Memo ya bosi ilikuwa imesema waziwazi usiandike sehemu ya maelezo ya tukio. Nilitumia karibu dakika 20 kuandika nilichokatazwa.

Hapo ndipo nilipoielewa MPT. Haipimi unajua nini. Inapima kama ukitumwa kazi unaleta uliyotumwa, kwa wakati. Mteja kakuletea kitambaa cha kanzu, wewe umemshonea suti. Hata iwe suti nzuri namna gani, Idi yake imeharibika.

Kwa hiyo raundi ya pili nilianza na memo ya bosi na kuisoma mara mbili kabla ya kugusa kitu kingine. Nilijiuliza mambo manne: naandika nini, naandika kwa nani, natetea upande au napima pande zote, na nimekatazwa nini. Majibu nikayaandika juu kabisa ya ukurasa kwenye kompyuta, nikayafuta mwishoni. Mara nyingi nyuma ya memo huwa kuna karatasi nyingine ya mwongozo wa ofisi kuhusu muundo wa hati. Usiiruke hata kidogo, humo mna alama za bure.

Baada ya memo niliruka Faili nikaenda Maktaba. Wengine huanza na Faili, sibishani nao, ila mimi nikisoma mahojiano ya mteja kabla ya sheria kila kitu naona ni muhimu. Chukua mfano wa kujitungia. Mpangaji anadai amana yake. Kifungu kwenye Maktaba kinamruhusu mwenye nyumba kuizuia endapo alitoa orodha ya uharibifu kwa maandishi, ndani ya siku 30 tangu mpangaji ahame, na uharibifu wenyewe umezidi uchakavu wa kawaida. Mambo matatu hayo, tayari una vichwa vitatu vya jibu lako. Vichape hapo hapo. Sasa rudi kwenye Faili ukiwa na kiu maalumu. Mwenye nyumba anasema, "Nilimwambia kwenye simu wiki ya pili." Kwa simu, si maandishi. Kurasa mbili mbele kuna barua pepe yenye orodha kamili, ila hesabu tarehe: siku ya 34. Zulia lina doa, lakini risiti inaonyesha lilikuwa na miaka tisa. Kila kitu kinakwenda kwenye chumba chake. Na kuna aya nzima kuhusu mbwa wa jirani isiyohusiana na lolote. Iache, imewekwa makusudi.

Hukumu za Maktaba pia usizichukulie kama mapambo. Ikiwepo moja inayokuumiza, mtahini anataka kuona umeikabili na kueleza kwa nini shauri lako ni tofauti. Ukijifanya hukuiona umeumia.

Nusu ya muda, yaani dakika 45, iwe ya kusoma na kupanga. Najua inauma kukaa hujaandika kitu huku jirani yako anachapa kama mvua ya mabati. Mwache. Maelekezo yenyewe ya mtihani yanakushauri utenge takriban nusu ya muda kwa kazi hiyo.

Kuna tabia mbili za kwetu zinazotuponza. Moja ni vichwa vya hoja. Dar ningeandika "Kuhusu Notisi" na hakimu angenielewa. Kwenye hoja za kushawishi huku, kichwa ni sentensi nzima yenye msimamo: "Mwenye nyumba hana haki ya kuzuia amana kwa sababu orodha yake ilichelewa siku nne." Mtahini ana rundo la karatasi, akisoma vichwa tu awe ameshapata hoja yako. Nyingine ni barua. Sisi tumelelewa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na tunaibeba hadi kwenye Kiingereza chetu. Barua kwa mteja asiyejua sheria ianze na jibu la swali lake, kwa maneno ambayo shangazi yako angeyaelewa.

Mazoezi: nilifanya 14, kila Jumamosi asubuhi, mbili mfululizo bila kusimama, simu ikiwa jikoni. Dakika ya 90 ikifika naacha hata neno likiwa nusu. Niliporudi ukumbini Februari, kazi ya kwanza niliiacha bila aya ya mwisho, nikafungua ya pili. Roho iliniuma. Nilipata 279.

New York imetangaza kuhamia mtihani mpya, NextGen, kuanzia Julai 2028. MPT kwa jina hili itaondoka, lakini kazi za kupewa karatasi na kutumwa na bosi zimo ndani ya huo mpya, kwa hiyo mazoezi haya hayatapotea. NCBE, taasisi ya kitaifa ya watahini wa uwakili Marekani, ambao ndio watungaji, wameweka MPT za miaka ya nyuma bure kwenye tovuti yao, pamoja na karatasi zinazoonyesha mtahini alitarajia nini. Soma hizo karatasi baada ya kuandika, si kabla. Na maswali yachapishe. Nilifanya tano za kwanza kwenye skrini, nikaja kugundua kidole changu kinatafuta tarehe haraka zaidi kwenye karatasi.