Ekseli Nzito na Matairi Makubwa kwa Lori Lililotoka Jeshini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima na msafirishaji wa mpunga hapa Bahi, mkoani Dodoma. Nimenunua lori la Bedford MJ linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo zamani lilitumiwa na jeshi la Uingereza. Matairi yake ni yale yale ya 12.00-20, na kila masika linazama kwenye udongo mweusi wa mbuga kabla sijafika barabarani. Fundi wangu ananishauri nyuma nifunge ekseli ya lori la tani 10 yenye matairi mapacha, yaani mawili mawili kila upande, na mbele niweke matairi ya matope ya 14.00R20, akisema kwamba baada ya hapo nitabeba tani 7 bila wasiwasi. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usiruhusu chuma chochote kikatwe kabla hujajua uwiano wa difu zako mbili, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu: uwiano ni idadi ya mizunguko ya propela (mhimili unaoipelekea ekseli nguvu) kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Lori lako halina difu ya katikati, ya kuziruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti. Unapounganisha ekseli ya mbele, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) huzifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi moja, na waliolitengeneza walifanya hivyo wakijua kwamba matairi yote manne yana kipimo kimoja na difu zote mbili zina uwiano mmoja. Tairi la 12.00-20 lina kipenyo cha takriban meta 1.12, na la 14.00R20 takriban meta 1.25. Kwa hiyo, hata kama difu zingelingana, kila magurudumu ya nyuma yanapotembea meta 100, ya mbele yangetaka kwenda karibu meta 112. Kwenye matope tofauti hiyo humezwa na utelezi, lakini siku utakayotoka shambani ukapanda lami ya barabara ya Dodoma hadi Singida bila kuachanisha ekseli ya mbele, matairi hayatakuwa na pa kuteleza, na nguvu yote itarudi ndani ya vyuma. Dalili ya kwanza ni usukani kuwa mzito na wenzo wa transfa kukataa kutoka. Ukiendelea kulazimisha, kitakachofuata kuvunjika ni krosi (viungo) za propela, au gia za transfa, au krauni na pinioni, yaani gia za ndani ya difu.

Na difu hazitalingana, kwa sababu ekseli ya lori jingine huja na uwiano wake. Kuupima hakuhitaji karakana kubwa. Toa gia, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki huku jingine likibaki chini na kuwekewa vigingi, kisha chora mstari wa chaki kwenye tairi lililoinuliwa na mwingine kwenye propela. Zungusha tairi hilo mara mbili kamili huku msaidizi wako akihesabu mizunguko ya propela. Idadi atakayoipata ndiyo uwiano wa difu. Mara mbili, wala si moja, kwa kuwa gurudumu moja likiwa limesimama difu hulipa lile jingine mizunguko maradufu. Fanya vivyo hivyo mbele, na kwa ekseli unayotaka kununua pia, kabla hujatoa fedha. Hesabu zisipolingana, waachie wengine ekseli hiyo, hata ingekuwa ya bei ya chini kiasi gani.

Kuhusu zile tani 7, hapo fundi wako amekosea kabisa. Bedford MJ hupewa kiwango cha tani 4, na kiwango cha jeshi kimewekwa kwa kufikiria njia mbaya kama yako. Tazama lori la Kimarekani la M35: jeshi lao lililiwekea tani 2.5 nje ya barabara na tani 5 barabarani, lori lile lile na ekseli zile zile. Ekseli nzito haiongezi uwezo wa chasisi, wala wa springi, wala wa injini yako yenye nguvu za farasi zipatazo 100, ambayo kwa matairi ya meta 1.25 itahisi kama umeipandishia gia. Breki nazo zinanitia hofu zaidi. Tairi likikua kwa asilimia 12 hivi huku ngoma ya breki ikibaki ile ile, nguvu ya kusimamisha lori pale tairi linapogusa ardhi hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi, nawe unataka kuongeza mzigo juu yake! Na kama breki za lori lako ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, ilhali ekseli ya tani 10 ina breki za upepo mtupu, huwezi kuziunganisha kwa kukisia tu.

Matairi mapacha nayo hayafai katika udongo wako. Tairi la nyuma la peke yake hupita katika mfereji uliokwisha kuchimbwa na tairi la mbele. Mapacha hulazimika kuchimba mfereji wao mpya, na tope la mbuga hujaa katikati yake na kuganda hadi yanazunguka kama pipa.

Kinachokuzamisha, kwa maoni yangu, ni upepo mwingi ndani ya matairi. Tairi lenye paundi 70 huukandamiza udongo, kwa kila inchi ya mraba, kwa nguvu inayokaribia paundi 70. Ukiupunguza hadi 35, sehemu inayogusa ardhi hurefuka na kukaribia kuwa maradufu, na lori lile lile huelea pale lilipokuwa likizama. Jambo hili wanajeshi walilijua mapema: dereva wa DUKW, lori la Marekani la majini na nchi kavu la Vita Kuu ya Pili, aliweza kupunguza na kuongeza upepo akiwa kwenye kiti chake. (Hapa kwetu, kwenye mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza mwaka 1947, Waingereza walileta hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta; mradi ukafungwa mwaka 1951, kwa kuwa udongo na mvua za huku havikupimwa kabla ya vyuma kuletwa.)

Kwa hiyo masika haya anza hivi: beba tani 3, shusha upepo ukiwa bado pakavu, endesha polepole kama mwendo wa baiskeli, na chora mstari wa chaki unaovuka kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Mstari ukikatika na kuachana, tairi limeteleza juu ya rimu na linakaribia kung'oa vali ya tyubu, hivyo ongeza upepo kidogo. Ukifika lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Ikiwa bado utataka matairi ya 14.00R20, yafunge yote manne, ukihakikisha kwanza kwamba yanageuka bila kugusa springi wala madigadi, na umpeleke mkaguzi wa magari aone breki kabla hujaingia barabarani.

Mizani nayo ikumbuke. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inahesabu uzito wa kila ekseli, na ekseli yenye matairi mawili ya kawaida haivuki tani 8.

SWALI: Nipo Mpwapwa. Nimeonyeshwa matairi ya jeshi ya 14.00R20 ambayo meno yake ni mapya kabisa. Nitajuaje kama ni mazima?

JIBU: Meno mapya hayatoshi, kwa kuwa matairi ya jeshi hukaa ghalani miaka mingi bila kutembea. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3208 ni wiki ya 32 ya mwaka 2008. Kisha lipinde ubavu kwa magoti na upitishe kucha mahali palipopinda. Ukiona mipasuko midogo kama ya ngozi ya kisigino kilichokauka, liache. Ikiwa yanakuja na rimu zenye ringi ya kufungia, toa upepo wote na uchomoe kiini cha vali kabla ya kulegeza nati hata moja, na wakati wa kujaza liweke tairi ndani ya kizimba cha chuma, kwa sababu ringi ikiruka huua aliyesimama mbele yake.