Maswali ya Wasomaji: Umbo la Protini Linahusikaje na Usugu wa Dawa?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu alitunukiwa shahada ya uzamivu mwaka jana, nami nikadhani masomo yamekwisha. Sasa amepata nafasi ya utafiti ya miaka 2 ng'ambo, na anasema kazi yake itakuwa kuchunguza umbo la protini za bakteria sugu. Huku kwetu tunaambiwa kwamba dawa zinashindwa kwa sababu watu hawamalizi dozi. Umbo linahusikaje? Na je, bado ni mwanafunzi?
Baba wa Mtafiti, Tanga

JIBU: Mzee wetu, hongera kwa malezi. Binti yako si mwanafunzi tena. Mtafiti wa baada ya uzamivu ni mwajiriwa wa mkataba anayelipwa mshahara, na mwishoni hakuna cheti kinachomngoja. Anachotarajiwa kutoa ni matokeo yaliyochapishwa, ambayo kwayo hutafuta kazi ya kudumu.

Kuhusu dozi, ni kweli kwamba matumizi holela ya antibiotiki huua bakteria dhaifu na kuwaachia walio sugu nafasi ya kuzaana. Hata hivyo, maelezo hayo hayatuambii huyo sugu ana kitu gani mwilini mwake hata dawa isimdhuru, na hapo ndipo umbo linapoingia.

Bakteria hujijengea ukuta kwa kutumia vimeng'enya maalumu, ambavyo ni protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini. Penisilini na jamaa zake zinafanana na ncha ya malighafi ya ukuta huo, kwa hiyo kimeng'enya huinasa dawa kama kinavyonasa malighafi, kisha kinashindwa kuiachia, ujenzi unasimama na bakteria hupasuka. Methisilini, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1959, ilifanya kazi hivyo dhidi ya stafilokokasi, bakteria wanaoleta majipu na kutunga usaha vidondani. Lakini kufikia 1961 walikwisha kuonekana wale wasioijali. Baadaye ilijulikana kwamba wana kimeng'enya cha ziada, PBP2a (PBP ni kifupi cha Kiingereza cha “protini inayonasa penisilini”), kinachoendelea kujenga ukuta wakati vingine vimenaswa.

Kwa nini chenyewe hakinaswi? Jibu lilionekana mwaka 2002, pale Lim na Strynadka wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipochapisha umbo lake: mdomo wa kimeng'enya hicho umebanwa kiasi kwamba dawa hufika mlangoni bila kupata pa kushika. Ila mdomo uliofungwa daima usingeweza kupokea hata malighafi, hivyo ilibidi kuwe na namna ya kuufungua. Picha zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba molekuli moja ya dawa ya seftarolini hujishikiza mahali pengine kabisa, nanomita 6 hivi kutoka mdomoni, kimeng'enya kikajipinda, mdomo ukafunguka, na molekuli ya pili ikaingia. Nakiri kwamba kila nikisoma habari hiyo hustaajabu, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa imeidhinishwa Marekani tangu 2010, na baadhi ya bakteria walioanza kuishinda wamekutwa na mabadiliko mahali hapo hapo inapojishikiza molekuli ya kwanza, mbali na mdomo.

Picha hizo hazipigwi kwa hadubini ya shuleni. Protini husafishwa na kugeuzwa fuwele, kisha hupigwa eksirei. Au hugandishwa ghafla na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni, mbinu iliyowapatia Dubochet, Frank na Henderson Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kupata fuwele nzuri kunaweza kumeza miezi mingi, na mkataba wa miaka 2 haurefuki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usishangae binti akikujibu kwa mkato unapompigia simu.

Ukimpata, muulize anachunguza protini ipi. Akikutajia jina linaloanza na PBP, habari yake ni jamaa ya hii. Akisema ni beta-laktamasi, hiyo ni mbinu nyingine: hicho ni kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijafika kwenye ukuta, na umbo analolitafuta ni la makali yake.