Kocha Anaponyamazia Kujiangusha

SWALI: Ninafundisha timu ya vijana wasiozidi miaka 17 mtaani Kondele. Winga wangu, ambaye ndiye tegemeo la timu, amezoea kujiangusha ndani ya kijisanduku, na Jumapili iliyopita alitupatia kwa njia hiyo penalti iliyotupa ushindi wa 1-0. Mashabiki walimbeba juu juu. Je, nimkemee kwa ujanja ambao hata makocha wa Ulaya huutetea? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Huutetea, kocha, lakini tazama huutetea lini. Mnamo Oktoba 2012, baada ya Liverpool kutoka sare tasa na Stoke City, kocha wa Stoke, Tony Pulis, alitaka Luis Suárez afungiwe mechi tatu kwa kujiangusha, huku Brendan Rodgers wa Liverpool akisimama upande wa mchezaji wake. Januari 2013 Suárez mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba alijiangusha siku ile, na hapo ndipo Rodgers aliposema kwamba kitendo hicho hakikubaliki na kingeshughulikiwa ndani ya klabu. Mwezi uo huo wa Oktoba, David Moyes wa Everton alikuwa amelalamika kuhusu tabia ya Suárez kabla ya mechi ya watani wa jadi. Suárez akasherehekea bao kwa kujitupa chini mbele yake, na katika mechi hiyo hiyo Phil Neville, nahodha wa Everton, akaonyeshwa kadi ya njano kwa kujiangusha. Nyani haoni kundule.

Siwalaumu sana makocha hao, kwa kuwa sare moja huweza kumpotezea mtu kibarua. Wewe wa ligi ya mtaa huna udhuru huo.

Wapo pia walioamua kinyume wakati uamuzi ulikuwa na gharama. Februari 1999, katika Kombe la FA, wachezaji wa Sheffield United walitoa mpira nje ili mwenzao atibiwe. Arsenal walipourusha ili kuurejesha kwa Sheffield, kama ilivyo desturi, mchezaji wao Nwankwo Kanu aliukimbilia, akampasia Marc Overmars, naye akafunga bao la ushindi. Kocha wa Arsenal, Arsène Wenger, mwenyewe alijitolea mechi irudiwe, na Arsenal wakashinda tena 2-1. Marcelo Bielsa hakubahatika vivyo hivyo: Aprili 2019, Leeds walipofunga huku mchezaji wa Aston Villa akiwa chini, aliwaamuru vijana wake wawaachie Villa wasawazishe, mechi ikaisha 1-1, na msimu huo Leeds hawakupanda daraja.

Kwa hiyo mkemee, tena kwa sababu ya penalti hiyo hasa, kwani kocha anayekemea baada ya kushindwa tu huwafundisha vijana kwamba kosa ni kukamatwa. Mwite faragha kabla ya mazoezi, na kama kuna aliyerekodi mechi kwa simu, itazameni pamoja. Mwonyeshe mguu wa nyuma: anayejiangusha huuburuta kando hadi ukutane na mguu wa beki, kisha mikono hupaa kabla ya magoti kugusa nyasi, na macho yakawa tayari yanamtafuta refa. Mweleze pia jambo ambalo vijana hulielewa haraka, kwamba marefa wa ligi za mitaani husimuliana, na siku atakayochezewa rafu ya kweli hatasikilizwa. Akirudia, mweke benchi mechi inayofuata, hata ikiwa fainali, na wazazi watakaokuja juu uwajibu wewe mwenyewe.

SWALI: Je, mchezaji akianguka bila kuguswa, ni lazima awe amedanganya? (Mwalimu wa michezo, Bungoma)

JIBU: La, mwalimu. Kanuni ya 12 ya soka huhesabu kuwa kosa hata jaribio la kumkwatua mpinzani, kwa hiyo winga anayeruka kuukwepa mguu uliokuja kwa kasi, kisha akapoteza mizani, anaweza kupewa haki yake bila kuguswa. Refa akiridhika kwamba amehadaiwa, humwonyesha mhusika kadi ya njano, na ikiwa alisimamisha mchezo kwa sababu hiyo, timu pinzani hupewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja.