Akipatikana na homa ya ini B, pimeni nyumba nzima

Mtu akipatikana na homa ya ini B halafu ndugu yake pia apatikane, utasikia tu "hiyo kitu iko kwa damu yenu." Sisi tuliambiwa hivyo sana hapa Kayole wakati bro wangu alienda kutoa damu akapigiwa simu arudi, wakampima tena baada ya miezi sita na virusi bado viko, yaani imeshakuwa sugu. Shangazi mmoja akasema sasa wengine mnapimwa ya nini, kama ni ya ukoo itakuja tu. Nilikataa kabisa.

Jeni tunazorithi kwa wazazi zina kazi yake, ni kweli. Kuna zinaitwa HLA, hizo zinasaidia seli kuonyesha kinga ya mwili vipande vya virusi ndio ijue ni adui, na watu hatuna HLA za kufanana. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuna aina za HLA-DP zinaendana na mtu kubaki na virusi vya B, na mwaka huo huo ikajulikana kwa homa ya ini C pia, sehemu ya DNA karibu na jeni ya IL28B inachangia nani atapona mwenyewe bila dawa na nani atabaki navyo. Lakini hakuna jeni itakupatia homa ya ini kama virusi havijakuingia!

Kenye kina uzito zaidi ni umri. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki navyo, mtu mzima ni chini ya 5 kwa 100. Ndio unapata ndugu wa tumbo moja wote wako navyo, walivipata wakizaliwa ama wakiwa wadogo kwa wembe wa nyumba nzima na vidonda vya kucheza.

Kwa hivyo pimweni wote, na uliza kipimo cha virusi na cha kinga, ukikosa vyote viwili chanjwa, ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Kenya ilianza kuchanja watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 2000, so sisi wakubwa wengi tuliachwa nje. Mama mjamzito akiwa navyo, mtoto achanjwe ndani ya masaa 24, msingoje kliniki ya wiki sita.

Na pesa ya kupima jeni wekeni kwa kipimo cha wingi wa virusi na cha ini, hivyo ndivyo daktari anaangalia kabla aseme kama utaanza dawa.