Picha Iliyolala Ilivyoninyima Kazi: Jifunze Kupunguza na Kuzungusha Picha Mwenyewe

Jumatatu nimepata meseji ya dada mmoja msomaji wangu, anaomba chuo, kila akipakia picha mfumo unamkatalia. Kaandika "kaka nisaidie, inasema picha kubwa, nikiipunguza inatokea imelala". Hiyo "imelala" imenigusa pabaya, maana hii kitu imeshaniumiza mimi na sijawahi kuisimulia yote hapa.

Mwaka 2019 niliomba kazi ofisi fulani, jina naliacha. Vyeti ninavyo, barua nimeandika, mama kauza kuku watatu nipate hela ya kuskani na bando. Ikabaki picha tu. Jirani akanipiga kwa simu yake nimesimama kwenye ukuta mweupe, kwenye simu inaonekana wima, safi kabisa. Kupakia, mfumo ukagoma, picha ina MB 4 na wao wanataka isizidi KB 100. Na siku yenyewe ndo ya mwisho. Saa mbili usiku nikakimbilia steshenari, kijana anafunga, akachomeka flashi, akaandika 300 kwa 300, akasevu, nikampa buku lake nikarudi kupakia, mfumo ukapokea. Sikuiangalia. Mpaka leo najilaumu kwa hilo, kwamba sikuiangalia.

Wiki tatu baadaye jibu: picha haikidhi vigezo. Naifungua, nimelala ubavu, uso umevutwa huku na huku. Mama alipoiona alikaa kimya, akarudi jikoni.

Nilikaa miezi natafuta kuelewa kilichotokea, na kumbe ni vitu viwili tu. Cha kwanza, simu nyingi ukipiga picha haziigeuzi picha yenyewe, zinaandika ndani ya faili kwamba juu ni upande huu. Programu inayosoma hayo maandishi inaisimamisha, isiyosoma inakuonyesha imelala. Cha pili, picha ya simu ya pikseli (vile vinukta vidogo vinavyoiunda picha) 3000 kwa 4000 ukiilazimisha iwe 300 kwa 300 unaibana urefu kuliko upana, lazima sura iharibike.

Sasa kama una kompyuta ya Windows, programu ya Paint unayo tayari. Fungua picha, kama imelala izungushe kwa Rotate, halafu bonyeza Ctrl na W, kitafunguka kidirisha, chagua Pixels badala ya Percentage, na hakikisha ile alama ya Maintain aspect ratio ipo. Usiitoe hata mtu akuambie nini! Ukiandika upana, urefu unajijaza wenyewe. Wakitaka pasipoti ya milimita 35 kwa 45, kwa kuprinti vizuri ya dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, hiyo ni pikseli 413 kwa 531, ila kata kwanza pembeni mpaka umbo lifanane ndo upunguze, usianze kupunguza.

Mimi lakini moyo wangu uko IrfanView, programu ya Windows ya kufungua na kurekebisha picha. Imetengenezwa na Irfan Škiljan, mtu wa Bosnia anayeishi Vienna, ipo tangu 1996 na ni nyepesi, hata kompyuta yangu ya kwanza yenye RAM ya GB 1 iliifungua bila kuganda. R inazungusha kulia, L kushoto, Ctrl na R unabadili saizi, na ukisevu JPG kuna kipimo cha ubora, ukishusha mpaka kama 80 faili linapungua sana na jicho halioni tofauti. Kwa matumizi binafsi ni bure, mimi nimelipia leseni kwa sababu ni biashara.

Ndiyo, biashara. Nina steshenari yangu sasa. Mwezi uliopita shule moja wameniletea picha 340 za vitambulisho, nusu zimelala, nikazisimamisha, nikabonyeza B ya IrfanView inayoshughulikia picha nyingi kwa mpigo, nikaweka saizi na folda ya kutokea, saizi zikawa sawa zote kabla chai haijapoa. Mwalimu kanishika mkono akauliza nimesoma wapi. Nimesoma kwenye machungu, ndo nilimjibu.

Jamani vijana wenzangu, mnalipia kozi za laki mbili huku picha yako mwenyewe unamwachia mtu anayefunga duka. Jifunze leo, siyo siku ya mwisho. Ile picha ya mwanzo usiiguse, sevu mpya kwa jina jingine, maana JPG kila ukiisevu upya inapoteza ubora kidogo na ukishaipunguza hairudi. Na ukimaliza, ifungue uiangalie. Iangalie! Hata mteja wangu simwachii aondoke kabla hajaiona kwenye skrini na kuniambia ndiyo huyu ni mimi.

Yule dada nilimwelekeza kwa simu, alikuwa amesahau kusevu baada ya kuzungusha, tukarudia. Jana kaniandikia imepokelewa, kanitumia na picha yenyewe, kasimama wima, kitambaa cha bluu kichwani.

Nilivyofunga duka nikaitafuta ile yangu ya 2019, bado ninayo kwenye flashi. Ile halisi ya MB 4. Nikabonyeza R mara moja, ikasimama.