Vito vya Poniatowski: mmeuliza, najibu

Nilishawahi kuwagusia vito, yani vijiwe vya thamani vilivyochongwa picha, vya Stanislas Poniatowski, mtoto wa kaka yake mfalme wa mwisho wa Poland, maswali yakamiminika. Haya hapa.

*Picha ndogo kama ukucha wanaichongaje?*
Hamna patasi hapo. Jiwe unaligandisha kwenye kijiti, halafu kuna kimashine cha kukanyaga kwa mguu kinazungusha ncha ya chuma laini iliyopakwa mafuta na vumbi la almasi, na wewe ndo unasogeza jiwe kwenye ncha, sio ncha kwenye jiwe. Chuma hakikati kitu, jiwe lenyewe, kama akiki, linakishinda kwa ugumu, linalosaga ni lile vumbi. Yani pua tu ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, unakesha nayo, na ukizidisha kidogo basi, huwezi kurudishia.

*Intalio na kameo ni kitu kimoja?*
Hapana. Intalio picha imezama, ukiigandamiza kwenye lakiri (nta ya muhuri) inatoka imeinuka. Kameo imeinuka kwenye jiwe lenyewe.

*Babu ana pete ya akiki, ndo hizo?*
Jiwe ndo hilo hilo, ila kama ina maandishi ya Kiarabu huo ni ukoo mwingine kabisa. Mwachie babu pete yake.

*Kwa hiyo Poniatowski alikuwa tapeli?*
Mi naona ndio. Alikuwa na vito kama 2,500, vyenye picha za hadithi za Wagiriki: vita vya Troy, shujaa Herakles, miungu wote unaowajua, na vingi vina sahihi za Kigiriki za mafundi wakubwa wa zamani kama Pyrgoteles aliyemchongea Aleksanda Mkuu, kumbe vimechongwa Roma enzi zake yeye mwenyewe! Na kwenye katalogi aliyoitoa kuanzia 1830 aliviita vya kale. Alifariki 1833, vikapigwa mnada London 1839, watu walishashtuka, bei ikawa ya kutupa. Kinachoniuma ni wale mafundi, kazi safi kabisa halafu jina la mtu mwingine.

*Feki ni feki, si zitupwe tu?*
Taratibu ndugu. Fundi wa Kiitaliano Benedetto Pistrucci alichonga kameo ya Flora, mungu wa maua wa Warumi, dalali akamuuzia mkusanyaji wa Kiingereza Richard Payne Knight kama ya kale. Pistrucci alipofika London akasema wazi hii nimechonga mimi, Knight akagoma kabisa, eti ni ya kale tu! Flora yenyewe iko British Museum mpaka leo, ikitambuliwa kuwa ni kazi ya Pistrucci.